SSD, Hadidiski au Chotara: Diski ya Kuweka kwenye Kompyuta Kongwe, Kibiti na Delta ya Rufiji

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi Kibiti hazikuanzia kazi Kibiti. Zilitumika kwanza kwenye ofisi za Ulaya au Dar es Salaam, zikauzwa Kariakoo kama mitumba, kisha zikashuka na Barabara ya Kilwa hadi kwenye steshenari za stendi, ofisi za shule na kata, zahanati na vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho. Baadhi huendelea mbele, hupakiwa boti Nyamisati na kuingia vijiji vya delta. Ni HP, Dell na Lenovo za kati ya 2008 na 2014, zenye RAM ya GB 2 au 4 na hadidiski ya GB 160 hadi 500. Kilio cha wanaozitumia ni kimoja: mashine ni nzito. Mwalimu huiwasha, akaenda kunywa chai, akarudi na kukuta bado haijatulia.

Ushauri wanaopewa ndio unaowachanganya. Fundi mmoja husema weka SSD, mashine itakuwa mpya. Mwingine huonya kwamba SSD hufa ghafla bila kuaga, bora ubaki na hadidiski ya kuzunguka ambayo walau hukupa dalili. Wa tatu huja na diski chotara, ile iliyoandikwa SSHD, akiahidi kasi ya SSD na nafasi ya hadidiski kwa bei ya katikati. Wote watatu wana kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake: wa kwanza anazungumzia kasi, wa pili usalama wa kumbukumbu, wa tatu bei. Mwenye mashine anataka yote matatu, na anataka yafanye kazi mahali penye joto, chumvi, umeme wa kukatika na safari za bodaboda.

Mashine inakwama wapi

Ukifungua Task Manager kwenye kompyuta ya aina hii yenye Windows 10, mara nyingi utakuta picha inayoeleza mengi: prosesa inatumika kidogo, RAM imejaa kiasi, na diski imegonga asilimia 100 huku mtumiaji hajagusa kitu. Kinga ya virusi inakagua mafaili, Windows inapakua masasisho, programu ya utafutaji inaorodhesha nyaraka. Kila moja inaomba vipande vidogo kutoka pembe tofauti za diski kwa wakati mmoja.

Hadidiski ni sahani za sumaku zinazozunguka, na juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea. Kwenye kompyuta mpakato nyingi sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Ili kipande kimoja kisomwe, kichwa lazima kisogee hadi kwenye mstari wake, kisha kisubiri sahani ilete sehemu husika. Kwa wastani shughuli hiyo hula milisekunde 15 au zaidi, kwa hiyo diski huweza kuitikia maombi 60 na kitu kwa sekunde. Vipande vikiwa vya KB 4 kila kimoja, kasi inayopatikana ni kama KB 250 kwa sekunde. Diski hiyohiyo, ikipewa faili moja kubwa lililokaa mfululizo, husoma MB 100 kwa sekunde. Ni karani hodari wa kubeba rundo zima la majalada kwa mkupuo, lakini ukimtuma jalada mojamoja kwenye makabati tofauti, siku inaisha akiwa njiani.

SSD haina sahani wala kichwa. Hushika chaji za umeme ndani ya chipu, na kipande chochote huja kwa takriban milisekunde 0.1, popote kilipo. Ndiyo maana dai kwamba kompyuta kongwe haiwezi kufaidika na SSD halisimami. Ni kweli kwamba mashine ya 2009 yenye SATA (njia ya kuunganishia diski) ya kizazi cha pili itaibana SSD isifike MB 300 kwa sekunde, wakati uwezo wake ni karibu MB 550. Lakini mashine haikuwa na njaa ya MB 550. Ilikuwa ikikosa majibu ya haraka kwa maombi madogo yanayokuja kwa maelfu, na waya wa zamani hauzuii hayo. Kwa kweli kadiri kompyuta ilivyo kongwe ndivyo tofauti inavyoonekana kwa macho.

Hoja ya wanaoitetea hadidiski

Hoja yao ya kwanza ni nafasi kwa bei. Studio ya picha za harusi pale mjini Kibiti, au ofisi inayotunza nyaraka zilizoskaniwa kwa miaka, hujaza GB 500 upesi. Kwa fedha ileile, hadidiski hutoa nafasi mara kadhaa zaidi ya SSD. Pengo hilo lilikuwa likipungua mwaka hadi mwaka, lakini tangu nusu ya pili ya 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kwa sababu vituo vya akili unde vinazinunua kwa wingi. Bei ya hadidiski nayo si ya kuaminika daima: mafuriko ya Thailand ya 2011 yalizamisha viwanda vya diski, na bei zikaruka dunia nzima.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Hadidiski, mara nyingi, huugua kabla ya kufa. Huanza kutoa sauti ya kugonga, kunakili faili hukwama katikati, na takwimu zake za ndani, zile za SMART, huanza kuonyesha sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri kuhukumiwa. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzisoma kwa dakika moja. Mwenye macho hupata muda wa kuhamisha mali yake. Hata baada ya kufa, sahani bado zimebeba data, na mtaalamu mwenye vifaa anaweza kuokoa sehemu yake, kwa gharama ambayo aghalabu huzidi thamani ya kompyuta yenyewe.

Udhaifu wake mkuu ni mwendo. Kichwa huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na mshtuko ukitokea wakati sahani zinazunguka, kichwa hukwangua uso wa sumaku. Mtu anayefunga kompyuta mpakato bila kuizima, akaitia begini na kupanda bodaboda kutoka Bungu hadi kijiji cha ndani, huenda anasafiri na diski ambayo bado haijasimama. Ikiwa imezimika kabisa, vichwa huwa vimeegeshwa na hatari hupungua sana. Kwa hiyo madai kwamba hadidiski haifai kusafiri yanahitaji kusahihishwa: isafiri imezimwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Hadidiski inayouzwa madukani kama mbadala wa bei nafuu mara nyingi ni ya mtumba kama kompyuta yenyewe. Miaka mitano au sita ya kuzunguka imeshapita. Kununua diski iliyotumika ili kuokoa diski iliyotumika ni kuahirisha tatizo, tena kwa fedha taslimu.

SSD: nguvu zake, na namna inavyokufa

Kasi nimeshaieleza. Faida yake ya pili ni utulivu: haina kinachozunguka, kwa hiyo mtikisiko wa pikipiki au injini ya boti hauidhuru. Ya tatu ni umeme. Hadidiski ya inchi 2.5 hula wati 2 hivi ikifanya kazi, na ya mezani ya inchi 3.5 hula wati 6 hadi 8, na zaidi ya 20 kwa sekunde chache inapoanza kuzunguka. SSD iliyotulia hula chini ya wati 1. Kwa kompyuta ya mezani yenye skrini, akiba hiyo ni ndogo na isimshawishi mtu. Kwa kompyuta mpakato inayochajiwa kwa sola huko delta inahesabika, hasa kwa kuwa kazi yenyewe humalizika mapema na mashine ikazimwa.

Hofu ya kwamba SSD huisha kwa kuandikwa imekuzwa kupita kiasi. Ni kweli seli zake huchakaa. Lakini chukua SSD ya bei ya chini inayojulikana, Kingston A400 ya GB 240: mtengenezaji ameikadiria kuandikwa TB 80. Ofisi inayoandika GB 10 kwa siku, kiasi ambacho shule nyingi hazifikii, ingehitaji zaidi ya miaka 20 kufika hapo. Kompyuta itakuwa imeshakufa kwa sababu nyingine.

Hofu inayostahili ni ile ya kifo cha ghafla. Data ndani ya SSD imetawanywa kwenye chipu kwa mpangilio unaojulikana na kidhibiti cha ndani pekee. Kidhibiti kikiungua au ramani yake ikiharibika, diski hutoweka kwenye BIOS kana kwamba haijawahi kuwapo. Hakuna sauti wala dalili ya siku mbili. Na kinachofanya SSD iwe nzuri, ile amri ya TRIM inayoieleza ni maeneo gani yamefutwa ili yasafishwe, ndicho kinachofanya faili lililofutwa kwa bahati mbaya lisirudi tena, wakati kwenye hadidiski fundi wa kawaida angeweza kulirudisha kwa programu.

Watafiti wamelipima jambo hili. Bianca Schroeder na wenzake wa Google waliripoti mwaka 2016, kwa kutumia kumbukumbu za miaka sita za vituo vya data, kwamba diski za chipu hubadilishwa mara chache kuliko hadidiski, lakini hupatwa zaidi na makosa ya kusoma yasiyorekebishika. Matokeo hayo ni ya vituo vyenye kiyoyozi na umeme wa uhakika, lakini funzo lake linahamishika: SSD huharibika kwa nadra zaidi, na inapoharibika huondoka na mali. Mjadala wa mitaani huchukua nusu moja tu ya sentensi hiyo, kila upande nusu yake.

Kisha kuna bandia. Diski za nje zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya kutupa, zinazouzwa mitandaoni, mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani iliyopangwa idanganye ukubwa wake. Hupokea mafaili yote bila kulalamika, na nafasi halisi ikijaa huanza kuandika mapya juu ya ya zamani. Programu kama H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux hujaza diski nzima kisha kuisoma tena, na uongo hudhihirika. Jaribio huchukua saa kadhaa, na mnunuzi ana haki ya kulifanya kabla diski haijawekwa kitu chochote cha maana.

Diski chotara

Hapa maneno machache yanatosha. Seagate ilitoa Momentus XT mwaka 2010: hadidiski ya kawaida iliyoongezewa chipu ya GB 4, baadaye GB 8, inayohifadhi vipande vinavyosomwa mara kwa mara. Lilikuwa wazo zuri wakati SSD ya GB 120 ilikuwa ghali mno. Baada ya kuwashwa mara mbili tatu, Windows iliwaka haraka zaidi. Lakini chipu ya GB 8 haitoshi mfumo, ofisi na kivinjari kwa pamoja, na kazi ya kuandika kwa sehemu kubwa ilibaki kwenye sahani. Sahani nazo ni zilezile, zenye hofu ileile ya mtikisiko.

SSD ziliposhuka bei, watengenezaji waliziacha. Chotara inayopatikana leo ni ya mtumba au imelala ghalani miaka. Ukikuta kompyuta imekuja nayo, itumie. Kuinunua sioni sababu.

Chotara inayofaa ni ya kujitengenezea: SSD ndogo ya mfumo na programu, na hadidiski ya mafaili makubwa, zote ndani ya mashine moja. Kompyuta za mezani zina nafasi na nyaya za kutosha. Kompyuta mpakato nyingi za enzi hiyo zina kisoma-DVD ambacho hakuna anayekitumia tena. Hutolewa, na mahali pake huwekwa trei ya kubebea diski. Pima unene kabla ya kununua trei, kwa kuwa zipo za milimita 9.5 na za 12.7.

Umeme, chumvi na unyevu

Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwenye mto huuhuu wa Rufiji, na mitambo yake ina uwezo wa MW 2,115. Lakini uwezo wa kuzalisha hauzuii nguzo kuanguka kwa mvua au laini ya kijijini kukatika, na umeme unapokatika ghafla kila diski hukumbana na hatari yake. Hadidiski hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kwenye sahani zake kurudisha vichwa kwenye maegesho. Faili lililokuwa likiandikwa huweza kuharibika, ila diski hupona. SSD za bei ya kawaida hazina kapasita za kutosha kumalizia kazi iliyokuwa mkononi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na HP waliwasilisha matokeo ya kukata umeme kwa makusudi kwenye SSD 15 za aina mbalimbali: 13 zilionyesha hitilafu, na baadhi zilipoteza data iliyokwisha kuandikwa kabla. Bidhaa zimeboreka tangu hapo, lakini kwa kompyuta ya mezani ningeweka UPS ndogo, yaani betri ya akiba, mbele ya kitu kingine chochote. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ina UPS ya kuzaliwa nayo. Betri ikifa na mashine ikitegemea waya peke yake, kinga hiyo imeondoka, na ni watu wachache wanaolihesabu hilo wanapoamua kutonunua betri.

Chumvi na unyevu wa delta havichagui. Hadidiski ina tundu dogo la kupumulia lenye chujio, ambalo mtengenezaji huandika lisizibwe. SSD haina tundu, lakini meno yake ya kuunganishia hushambuliwa na kutu sawa na ya hadidiski. Hapa hutokea kosa ambalo huwagharimu watu fedha bure. Mashine inaganda au diski inapotea, fundi anahukumu diski ibadilishwe, kumbe ni waya wa SATA au meno ya RAM. Mafundi wazoefu huchomoa RAM, wakasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, wakairudisha, na mashine ikawaka. Upande wa diski, SMART ina kipengele namba C7 kinachohesabu makosa ya mawasiliano. Namba hiyo ikipanda huku sekta mbovu zikibaki sifuri, badilisha waya kwanza.

Nakala ya pili ndiyo inayoamua

Tuchukue ofisi ya chama cha ushirika katika msimu wa korosho. Karani anaingiza jina la mkulima, kilo alizoleta, daraja la korosho, namba ya stakabadhi ya ghala, na baadaye malipo. Kazi yote inakaa kwenye mafaili machache ya Excel ambayo kwa jumla hayafiki MB 50. Mafaili hayo yakipotea Novemba, hakuna programu itakayoyarudisha. Yatabaki madaftari ya karatasi, ugomvi juu ya kilo, na wakulima wanaosubiri fedha zao.

Kwa ofisi hiyo swali la SSD au hadidiski ni la pili. La kwanza ni kwamba mafaili hayo ya MB 50 yako mahali pangapi. Na ndipo hoja ya usalama inayotumiwa kuitetea hadidiski inapopungua nguvu. Kusema hadidiski ni salama kwa sababu data yake huokolewa ni kumtegemea mtaalamu aliye Dar es Salaam, kwa gharama ambayo chama kidogo au zahanati haitailipa. Kwa mtu wa Mbwera au Salale, huko delta, diski iliyokufa imekufa, iwe ya sahani au ya chipu. Tofauti ya kitabibu kati ya vifo hivyo viwili haina faida kwake.

Wapo wanaosema mtandao umemaliza tatizo: weka kila kitu Google Drive. Ni nyongeza nzuri pale intaneti inapofika, lakini matukio ya 2024 yanatosha kuonyesha mipaka yake. Mapema Aprili mafuriko ya Rufiji yaliingia makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja pwani, karibu na Mafia. Tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ya Tanzania nzima ikadorora kwa siku kadhaa. Yote haya ndani ya majuma machache. Nakala iliyoko mtandaoni pekee ilikuwa haifikiki kwa urahisi, na nakala iliyoko kwenye chumba kimoja na kompyuta ilikuwa katika hatari moja nayo.

Kwa hiyo nakala mbili, sehemu mbili: moja nje ya jengo, na ya mtandaoni inapowezekana. Ile ya kuweka kabatini ni afadhali iwe hadidiski. SSD hushika chaji, na chaji huvuja taratibu ikikaa bila umeme. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwa nyuzi joto 30, diski ikiwa imefikia ukomo wake wa kuandikwa. Diski mpya hukaa muda mrefu zaidi ya huo, lakini joto la kabati la bati mjini Kibiti huzidi nyuzi 30, na joto huharakisha uvujaji. Sumaku haina shida hiyo.

Pale ambapo diski si tatizo

RAM ya GB 2 haitaokolewa na SSD. Windows ikikosa RAM huhamishia kazi kwenye diski, na SSD italibeba jambo hilo kwa kasi zaidi huku ikiandikwa mfululizo, kinyume na hesabu ya miaka 20 niliyotoa juu. Fedha ikitosha kitu kimoja na mashine ina GB 2, ningeongeza RAM kwanza. Ikiwa na GB 4, ningeanza na SSD.

Kompyuta za kabla ya 2005 hivi zenye waya mpana wa IDE ziachwe zilivyo. Na vijiti vya M.2 visinunuliwe kwa sababu ya udogo wake au bei: mashine za enzi hii nyingi hazina tundu lake, na hata ukitumia adapta, BIOS ya zamani haitaweza kuwakia humo kama kijiti ni cha NVMe, yaani kisichotumia SATA. Inayotakiwa ni SSD ya SATA ya inchi 2.5.

Suala la Windows ni gumu zaidi. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali mashine hizi. Je, ni busara kutumia fedha juu ya kompyuta ambayo mfumo wake umeachwa? Nadhani ndiyo, kwa sababu mbili. Linux Mint au Ubuntu huenda vizuri kwenye SSD na RAM ya GB 4, na kwa kuandika barua, kuchapa na kufanya hesabu vinatosha. Pili, SSD ya SATA huhama: siku kompyuta ikifa, hutolewa na kuwekwa kwenye nyingine. Anayelazimika kubaki na Windows 10 kwa ajili ya programu ya kazi ajue kwamba diski mpya haitaziba mianya ya usalama, na flashi za wateja zinazochomekwa kutwa nzima ni njia kuu ya virusi.

Nani anunue nini

Kwa steshenari, ofisi ya shule, kata au zahanati: SSD ya GB 240 au 256 ya jina linalojulikana, yenye risiti na dhamana, na UPS kwa mashine ya mezani. Hakuna haja ya kubwa zaidi, kwa kuwa nyaraka hazijazi. Kwa anayesafiri kwa boti na pikipiki, SSD haina mshindani. Kwa studio ya picha na video, SSD ndogo pamoja na hadidiski mpya ya ndani, na nyingine ya nje kwa nakala. Kwa kompyuta ambayo kazi yake ni kurekodi kamera za ulinzi usiku na mchana, hadidiski ya inchi 3.5 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo bado ni sahihi, maana inaandika mfululizo na haihitaji haraka. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, na kumbukumbu zake hazina nakala popote, aahirishe SSD. Anunue kwanza mahali pa kuweka nakala, hata kama mashine itaendelea kuwa nzito mwezi mzima.

Diski iliyotolewa

Hadidiski ya zamani ikitoka, isome SMART yake. Sekta zilizohamishwa na zinazosubiri zikiwa sifuri, itie kwenye kasha la USB, ambalo ni rahisi kuliko diski yoyote mpya, nayo itakuwa nakala ya kabatini. Usiitegemee peke yake, kwa umri wake.

Ikiwa mbovu, isiuzwe wala kutupwa jalalani ilivyo. Ndani yake mna majina ya wanafunzi, kumbukumbu za wagonjwa, namba za simu na za benki za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayezishika azilinde. Kufuta mafaili na kusafisha pipa la taka hakutoshi. Diski inayowaka iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho kwa programu. Isiyowaka ifunguliwe na sahani zake zitobolewe kwa drili, na ile ya inchi 2.5 ambayo sahani zake mara nyingi ni za kioo ifungwe kwanza ndani ya kitambaa kinene ili vipande visiruke machoni. Kwa SSD mbovu, kinachovunjwa ni chipu moja moja. Kuitoboa katikati pekee huweza kuacha chipu nzima pembeni, na data yake ndani.